Mlango wa Peke Yake

"Mimi sitatia mukono," Safia alisema, akairudisha kalamu mezani.

Shefu Aristote, mwenye kutoa ruhusa katika ofisi ya ujenzi hapa Kasongo, alimtazama mke, kisha akamtazama mume. Kamaldine alikuwa ameinamisha kichwa. Kiwanja chao kiliandikwa kwa majina ya wote wawili. Bila mkono wa Safia hakuna ruhusa, na bila ruhusa hakuna tofali litakalopanda.

Safia alikuja na nia hiyo tangu nyumbani. Jirani yake Pascaline ndiye aliyemnong'oneza sokoni kwamba Kamaldine anashinda kwenye ofisi hiyo na ramani ya chumba kipya nyuma ya nyumba. Chumba chenye paa lake na mlango wake wa kutokea njiani. Kasongo nzima inajua mwanamume akijenga chumba cha namna hiyo anamjengea nani. Pascaline hakumalizia, alimpa pole tu, na pole ile ilimchoma kuliko maneno.

Alipomuuliza mumewe, alijibiwa angoje kidogo. Angoje nini, harusi? Safia alimpenda mtu huyu tangu akiwa hana kitu ila baiskeli ya kubebea mafuta ya mawese. Na wanaume wa mawese ndio hao, wakipata mabati wanajiona masultani.

Aristote alijaribu kupoza mambo. Alieleza kwamba mapaa mawili katika kiwanja kimoja ni nyumba mbili, na kazi inakuwa ndefu. Chumba kiungane na nyumba, mlango uwe wa ndani, ruhusa itoke leo leo. Kamaldine alikwisha kuambiwa hivyo, akakataa.

"Papa, unakatala juu ya nini? Chumba kikiwa ndani, kuna mubaya gani?"

"Hapana, shefu. Paa iko lazima ikuwe yake peke."

"Yake nani?" Safia aliuliza. "Sema hapa mbele ya watu. Huyo bibi jina yake nani?"

Kamaldine alijifuta jasho.

"Ni ya mama yako."

Safia alikaa bila kutazama kiti kiko wapi. Kwa bahati kilikuwepo.

Mama yake, Bi Subira, aliishi peke yake Kabambare, na miguu yake ilikuwa imevimba tangu mvua zilizopita. Kila walipomaliza kuzungumza kwa simu, Safia alikwenda kulia jikoni. Kumleta kwake hakukuwezekana. Mama mkwe halali chini ya paa la mume wa binti yake, hali chakula naye, hata uso kwa uso hawatazamani. Bi Subira angekubali kufa kwanza kuliko kuivunja heshima hiyo.

"Nilikuwa naona vile unalia," Kamaldine alisema polepole. "Mutu hamuulize mukwe wake yeye mwenyewe, nikamutuma kaka yako Atumani. Mama hakujibu mbio. Nikasema, nikikuambia mbele, kisha yeye akatale, utalia mara mbili."

"Na sasa?"

"Amejibu leo asubui. Nilitaka nikuambie mu njia, wewe ukapanda moto peke yako."

Alimpa simu. Ujumbe wa Atumani ulisema: "Mama amekubali. Lakini anataka akute mulango wake umekwisha. Hatapita mu nyumba ya mukwe."

Machozi yalimtoka Safia bila kuomba ruhusa ya mtu. Alikuwa amemwonea wivu mwanamke asiyekuwepo, akaacha kumwona mume aliyekuwepo.

"Papa, ungesema tu ni ya mukwe," Aristote alisema. "Hata mimi niko na wangu kule Nyangwe. Nikimuona sokoni naingia mu kichaka."

Alichukua rula, akakisogeza chumba mbali kidogo na choo, akasema kesho atakwenda kupima mwenyewe. Safia alishika kalamu.

"Unisamehe, Baba Soraya," alisema, akimwita kwa jina la mtoto wao.

"Andika kwanza, Mama Soraya. Shefu asibadilishe roho."

Wote watatu walicheka, na Safia akaandika jina lake.

Kiangazi kilipofika, pikipiki ilimleta Bi Subira kutoka Kabambare. Kamaldine alisikia honi, akakimbilia nyuma ya nyumba, mtu mzima na ndevu zake. Safia alimshika mama yake mkono wakaingia kwa mlango mpya. Bi Subira akakalia kitanda, akapapasa ukuta ambao bado ulinuka saruji, akaanza kulia.

Kutoka nje, nyuma ya ukuta, sauti ya mwanamume ilisikika ikimsalimu kwa adabu. Bi Subira hakujibu, si desturi. Alimgeukia binti yake.

"Muambie mutoto wangu nimefika."

"Mutoto yupi, mama? Atumani?"

"Ule wa nyuma ya ukuta."