Chumvi ya Mkonga

Mkonga uliinama juu ya sinki, ukaishika taratibu pua ya Mhandisi Tausi Sengasu, ukaanza kazi. Ulikuwa bomba laini lenye ncha mbili: moja ilisukuma maji ya chumvi ya uvuguvugu kwenye tundu la kulia, nyingine ikayavuta kutoka tundu la kushoto. Duniani mtu angeinamisha kichwa tu, maji yakashuka yenyewe. Huku Mwezini maji huanguka kwa uvivu, na bila kuvutwa yangekaa puani kama mgeni asiyejua kuaga.

"Pumua kwa mdomo," alisema Daktari Fikirini. "Usimeze. Sema aaa."

"Aaaa," alisema Tausi, machozi yakimtoka.

Kisha kitu kikaachia nyuma ya jicho lake. Sinki likapokea makamasi ya kijivu yaliyojaa vumbi, na Tausi akavuta pumzi ndefu kwa pua, akacheka kwa sauti. Pua ni kitu ambacho mwenyewe hakikumbuki mpaka kizibe.

Na yake ilikuwa imeziba vibaya. Vumbi la Mwezi ni kali kama chupa iliyosagwa. Huingia na mavazi ya kazi, likaenda kukaa kwenye sinasi, zile nafasi zilizo nyuma ya mashavu na paji la uso, na kuvimbisha kila kitu humo. Mtu wa namna hiyo akipita kwenye chumba cha mlango wa nje, ambako hewa hupunguzwa, kichwa humuuma utadhani kinapasuliwa. Kwa hiyo sheria ya mji wa Nuruni ilikuwa moja: sinasi zisipofunguka, unarudishwa duniani. Tausi alikuwa amejenga nusu ya mabomba ya hewa ya mji ule. Mumewe alikuwa amezikwa pale. Hakutaka kwenda popote.

Ndiyo maana aliubuni Mkonga akiwa kitandani. Jaribio la kwanza alilifanya kwa maji ya mtambo wake mwenyewe wa kusafishia maji, yaliyochemshwa yakapoa, safi mno hata hayakuwa na ladha. Yalimchoma mpaka akapiga yowe.

"Maji matupu huichoma pua," Daktari alimweleza. "Majimaji ya mwili yana chumvi kidogo, na ya kuoshea lazima yafanane nayo. Chumvi usihangaike, ipo akiba." Alisema hivyo akiangalia pembeni.

Siku zote hizo za matibabu, chakula cha bwalo kilimshinda Tausi. Kila sahani ilikuwa chapwa. "Bi Mwatima," alimwambia mpishi mbele ya watu, "leo tena umetuchemshia godoro?"

Watu waliinamia sahani zao. Bi Mwatima, mwanamke wa Pangani ambaye sifa za pilau yake zilifika Mwezini kabla yake, alijibu kwa upole, "Ni pua hiyo, mwanangu. Pua ikiziba, ulimi nao hulala."

Basi siku ile pua ilipofunguka, Tausi alikwenda bwaloni nusura akimbie. Alisimama mlangoni akanusa: bizari nyembamba, vitunguu vya kukaanga, nazi. Alitaka kulia kwa furaha. Akapakuliwa, akatia kijiko mdomoni.

Chapwa.

Alitafuna polepole. Harufu zote zilikuwepo. Kilichokosekana kilikuwa kimoja tu, na hicho hakihitaji pua kukijua. Akawatazama watu wa meza nyingine, wakila wali uleule bila neno.

"Bi Mwatima, chumvi iko wapi?"

"Kula, mwanangu, kitapoa."

"Chumvi iko wapi?"

Ilibidi Daktari Fikirini aseme. Akiba haikuwepo. Chombo cha mizigo kilikuwa kimechelewa, na chumvi ikishachanganyika na vumbi la puani haisafishiki tena. Iliyobaki ilikuwa ya jikoni tu. Watu wa Nuruni wakakutana, wakaichanga yote, wakafanya kama wafanyavyo kwao: mchango hupelekwa, mgonjwa haambiwi, asije akaona haya akakataa.

Tausi aliona aibu hadi masikio yakawaka. Shukrani ya punda ni mateke, na yeye alikuwa amerusha mateke kila siku.

"Nimekutukana mbele ya watu," alisema.

"Ulikuwa unaumwa," alijibu Bi Mwatima. Kisha, kwa kuwa hakuwa mtu wa kuficha, akaongeza, "Ila lile la godoro liliniuma. Nilikwenda stoo nikalia. Kulikuwa kumebaki chumvi kidogo, ya kutosha sahani yako tu. Nikaitazama weee. Halafu nikampelekea Daktari."

Tausi aliinuka, akaishika mikono ya yule mama, akaibusu yote miwili. Akarudi mezani, akala wali wake hadi punje ya mwisho, bwalo zima likimtazama. Kisha akainyoosha sahani.

"Niongezee, mama," alisema. "Na ukoko, kama upo."