Majina Mapya ya Mvua

Saa tatu na nusu asubuhi, mvua ya Singida ilikuwa ikinyesha kwenye barabara nne tu, kama ilivyoagizwa. Juu angani vichunga-wingu mia sita, mitambo midogo kama kunguru, vilikuwa vikiswaga mawingu taratibu kama ng'ombe walioshiba. Chini, katika Kituo cha Mawingu, Mzee Mwinchande alivitawala kwa kuandika amri kwenye kibodi, uso ameuinua darini kama mtu anayeota.

Tatizo la amri hizo lilikuwa majina. Wahandisi wa zamani waliyabuni kila walipochangamka. Kuleta mvua uliandika mwagamwaga. Kuikata, basibwana. Kutandaza ukungu, eti bibiharusi. Mgeni alihitaji miaka miwili kuyakariri, na dua kidogo.

Ndiyo maana Tunu, mhandisi wa miaka ishirini na minne, aliunda Msawazishi, programu ya kubadili majina yote elfu nne yafuate mtindo mmoja: kitu kwanza, kitendo baadaye. Mvua-leta. Mvua-ondoa. Asubuhi ile aliiwasha. Sekunde tatu, kwisha kazi.

"Mzee, waraka wa majina mapya nilikuwekea mezani tangu Jumatatu. Umeusoma?"

"Binti, nimeanza kucheza na mawingu haya wewe hujaota meno."

"Kwa hiyo hujausoma."

"Nenda kanywe chai."

Saa nne kasorobo, mawingu yaliukaribia uwanja ambako wakulima walikuwa wameanika alizeti ya msimu mzima. Hapo, kwa ratiba ambayo mzee aliijua kwa moyo, ndipo mvua ilipopaswa kukatwa.

Mzee aliandika basibwana. Kimya. Akaandika tena, akizigonga herufi kama anazidai. Kwenye kioo yalitokea maandishi mekundu, makubwa kuliko ya tangazo la mnada: Amri hiyo haipo. Andika mvua-ondoa.

"Mzee, si hiyo hapo imekuandikia!" Tunu alicheka.

Mzee akaandika basibwana mara ya tatu.

Tunu aliacha kucheka. Alipitisha kiganja mbele ya macho ya mzee. Hayakupepesa.

Akainama begani kwake, akaandika mvua-ondoa. Mvua ikakatika hatua chache kabla ya uwanja.

"Tangu lini, mzee?"

"Mwaka wa tano huu. Vidole vilikuwa vinaona." Mzee alivikunja mapajani. "Leo umevipofua navyo."

Tunu alivuta kiti, akaketi. "Nitakusomea."

"Elfu nne?"

"Kwani una safari?"

Akasoma. Wingu-leta, wingu-ondoa. Upepo-leta...

"Upepo-ondoa," mzee alimalizia. "Majina ya kwetu ilibidi uwepo siku tulipocheka ndipo uyajue. Haya, hata asiyekuwepo atayapata." Hakusema kama hilo ni jema.

Kisha, polepole, aliandika ukungu-ondoa. Tunu hakuwa amemsomea hiyo. Nje, ukungu ulioachwa na mvua ulijikunja, ukaanza kuelea.

"Umeondoka?" aliuliza mzee. Kwa miaka mitano hakuwa amemuuliza mtu.

"Unaondoka. Unapita juu ya paa la stendi." Tunu alisogea dirishani. "Kipande kimoja kimeng'ang'ania mnara wa simu. Subiri, mzee... Haya, nacho kimekwenda."