Kimya Baada ya Jina la Arobaini

Kwenye rekodi kulikuwa na mtu anahema, na hakuwa Rukaya. Rukaya alivua hedifoni, akazivaa tena.

"Baba Sheila, hapa mimi nilinyamaza. Huyu ni nani anapumua?"

"Ni feni hiyo," Ndwiga akajibu bila kuinua macho. Feni yenyewe ilikufa tangu Januari.

Studio ya Ndwiga, mjini Runyenjes, hupiga video za harusi na matanga. Safari hii alipata kazi ya maana: filamu ya historia ya Waarmenia, itiwe sauti ya Kiswahili, na msomaji ni Rukaya. Ndani yake bibi kizee anataja majina arobaini ya watu wa kijiji cha nyanya yake, waliouawa zaidi ya miaka mia moja iliyopita na wasizikwe. Baada ya la arobaini anainamisha kichwa, kimya. Kimya hicho ni cha kitoto kichanga ambacho jina lake hakuna aliyelikumbuka.

Sasa Ndwiga ana ubaya mmoja. Kwenye video za matanga, wasifu ukifika pale pa kutaja watoto na wajukuu wa marehemu, yeye hukata. Eti watu wanataka kuona jeneza na umati. Basi na hapa akakata vilevile, akabakisha majina saba, na kile kimya akakitupa. Jamani, hata haya hakuona!

Jumatatu, palepale alipokata, sauti ya Rukaya kwenye rekodi ikasema polepole, "Njeru." Rukaya akaapa hajasoma jina hilo. Saa nane mchana simu ikaja kutoka Siakago: Njeru, kakake Ndwiga, ameanguka akipalilia ndengu, amekufa.

Walimzika Ijumaa. Jumatatu iliyofuata studio ilinuka nywele zinazoungua, na sauti ikasema, "Sheila."

Sheila ni mtoto wa pekee wa Ndwiga, ana miaka kumi na miwili, anasoma bweni kule Kaaga. Hata hedifoni hazijavuliwa, mwalimu akapiga: mtoto kaanguka darasani, macho yako wazi, haitiki.

Rukaya alimwita mjomba wake, Maalim Idrisi. Mzee alisoma aya mlangoni hadi sauti ikamkauka.

"Hatoki," akanong'ona. "Ni jini. Wale marehemu wa filamu msiwasingizie, hawana ubaya na mtu. Wewe Ndwiga uliwatoa watu mahali pao, yeye akaona pako wazi, akakaa. Warudishe wote."

"Maalim, nitawarudisha. Mtoto wangu tu asife!"

Rukaya akaanza kusoma, jina moja moja, na kila jina lilipoingia mahali pake harufu ikazidi na ukuta ukagongwa kwa upande ambao hauna chumba, naye akasoma huku meno yakigongana, la ishirini, la thelathini, na ile pumzi ikimsogelea sikioni ikiwa na joto kama ya mtu aliyetoka mbio, mpaka akamaliza la arobaini, akanyamaza kama alivyonyamaza yule bibi, kwa sababu jina la kile kichanga halikuwapo.

Ndani ya kimya hicho kitu kikavuta pumzi.

"She..."

"La!" Ndwiga akanyakua maiki kwa mikono miwili. "Hapa ni pangu! Mimi ndiye niliyekata! Weka Ndwiga. Ndwiga!"

Pumzi ikakatika. Harufu ikaisha mara moja, na kwa dirisha zikasikika tena bodaboda za sokoni. Simu ya Ndwiga ikalia. Rukaya akaipokea, akaweka spika ili wote wasikie.

"Mtoto ameamka," mwalimu akasema akicheka na kulia. "Anaomba chai, na anamuulizia baba yake."

"Alhamdulillahi! Baba Sheila, shika, ongea naye."

Ndwiga alikuwa ameketi palepale, ameinamisha kichwa, maiki mikononi. Rukaya akamsogezea simu sikioni, akangoja. Ndwiga hakuwa akihema.