Vyoo Viwili vya Mzee Makarius

Kampeni ya afya ilipofika Majimoto mwaka 1973, Mzee Makarius alikuwa wa kwanza kuchimba choo. Alikiezeka kwa nyasi, kikapendeza. Wapita njia walikisifu, naye akavimba kichwa. Ila yeye mwenyewe, wallahi, hakukitumia hata siku moja. Kila asubuhi alichukua jembe, akajifanya anakwenda kukagua majaruba ya mpunga, kumbe anachuchumaa kichakani, juu kidogo ya kisima.

Mvua zikaanza. Mjukuu wake Elizabeti, mtoto wa miaka miwili, akashikwa na kuhara. Siku ya tatu macho yaliingia ndani, hata kulia hawezi. Marsela, mama yake, akambeba mbio hadi zahanati.

Mzee aliogopa sana. Mtoto yule alirithi jina la marehemu mke wake. Akaenda kwa jirani yake Ponsian, kiongozi wa kikundi cha kusikiliza vipindi vya afya redioni.

"Nyie mlituambia tuchimbe vyoo. Nimechimba. Mbona mtoto anakwisha?"

"Choo chako anakitumia nani, baba?"

"Mwanangu na mke wake, Marsela."

"Na wewe?"

Mzee akageuka kutaka kuondoka.

"Sema, baba. Mficha uchi hazai."

"Na wewe umezaliwa hapa hapa, unauliza nini? Niingie anapoingia mkwe wangu? Nitamtazamaje usoni?"

"Heshima hiyo naijua," Ponsian alisema taratibu. "Lakini mvua haijui mkwe. Inakokota kinyesi cha kichakani, inakishusha kisimani. Maji hayo ndiyo Elizabeti ameyanywa."

"Kumbe ni mimi," alisema mzee.

"Sikwambii uache mila. Chimba choo chako peke yako, upande wa chini, mbali na kisima. Ukitoka, nawa mikono kwa sabuni. Na maji ya kunywa yachemsheni."

Baada ya siku nne Marsela alirudi na mtoto, amepata nafuu, anadai uji. Walimkuta babu shimoni hadi mabegani, anachimba.

Mwaka ule Elizabeti hakuhara tena. Kiangazi kilipofika, Mzee Makarius akaanza kupita nyumba kwa nyumba kukagua vyoo, bila kutumwa na mtu. Hakusifu nyasi wala milango. Aliuliza swali moja tu: "Na baba mkwe anakwenda wapi?"

Wenyeji wakianza kutazamana, aliteremsha jembe begani, akawaonyesha pa kuchimba.