Komeo la Banda la Kuku

Kila asubuhi kaka yake Kitinda alifunga mlango wa nyumba, akapiga hatua tatu, akarudi kuutikisa. Akafika kwenye ngazi, akarudi tena.

"Twende bwana, tutachelewa!" Kitinda alilalamika. Yeye ndiye kitindamimba wa nyumba hiyo, na jina likamganda.

"Nisubiri. Mimi na milango hatupikiki chungu kimoja."

Langoni mwa shule wenzao walimpokea kama kawaida: "Bwana Mlango, leo umefunga?" Kaka alicheka nao. Alikuwa akicheka hivyo kwa miaka miwili, tangu hadithi ya Kitinda ilipotoka kwenye jarida la shule. Hadithi ilieleza jinsi kaka alivyosahau komeo la banda, kicheche akaingia na kuwamaliza kuku saba wa mama. Shule nzima ilicheka mpaka mbavu zikauma.

Sasa hadithi hiyo ilichaguliwa kuingia katika kitabu cha hadithi bora za wanafunzi. Mwalimu wa lugha alimrudishia Kitinda na kumwambia, "Uliiandika ukiwa na miaka kumi. Itengeneze."

Kitinda akajifunga kibwebwe. Alifuta "sana" kumi na moja. Kicheche, ambaye zamani alikuwa mkubwa kama mbwa, alimpunguza mpaka akawa kicheche. Maelezo ya jua kuchomoza aliyakata yote, maana jua halikuwa na kazi yoyote katika hadithi ile. Alijiona mwandishi kweli kweli.

Alhamisi baada ya vipindi alimsomea mwalimu. Mwalimu huyo aligeuza kiti akatazama dirishani, kwa sababu alipenda kusikiliza bila kuona karatasi.

"...Kaka alikwenda kulala akiwa amesahau komeo..."

"Hapo. Rudia."

Kitinda akarudia.

"Umekimbia tena," mwalimu alisema. "Kwingine kote unatembea, hapo unatimua mbio. Pana nini?"

Kitinda aliikunja karatasi. Akasema kwa sauti ndogo, "Yeye alifunga, mwalimu. Mimi ndiye niliyerudi kuangalia vifaranga, nikasahau komeo. Mama alipouliza, nikanyamaza. Kaka aliapa na kuapa. Lakini hadithi ilipotoka, hata yeye akaamini."

Mwalimu akageuza kiti. "Mpaka leo anaamini?"

"Mpaka leo. Hata mlango wa nyumba anarudi kuutikisa mara mbili."

"Basi kusahihisha hujaanza, mwanangu. Na usianzie kwenye karatasi. Anzia nyumbani."

Jioni mama alikuwa akichagua mchele na kaka akipiga pasi sare. Kitinda aliwasomea hadithi upya. Alipofika kwenye sentensi ile hakukimbia: "Komeo nililiacha wazi mimi."

Mama aliweka ungo chini. Kaka alisimamisha pasi. Hakupiga kelele, na Kitinda aliona afadhali angepiga.

"Kwa hiyo nilifunga," kaka alisema.

"Ulifunga, kaka. Nisamehe."

"Nilikuwa nakumbuka kabisa ubaridi wa lile komeo mkononi. Nikajiambia labda niliota." Akaichukua pasi, akapiga mkono mmoja wa shati kwa muda mrefu.

"Na mimi nilikukaripia bure, mwanangu," mama alisema.

Kitabu kikatoka. Wenzao waliokisoma walimwomba kaka radhi, na Kitinda alitaniwa mpaka akalia. Lakini watoto wa madarasa ya chini, ambao hawakusoma chochote, waliendelea kuita "Bwana Mlango!" Kitinda aliwakimbilia mmoja mmoja kuwaeleza. Waliitikia vizuri, kesho yake wakaita tena.

Mwalimu alimwona akihema. "Hadithi huchapishwa upya," alimwambia kwa upole. "Jina la mtu ukishalichafua, utalifua miaka, na doa halitoki lote. Ndiyo maana ukweli husemwa siku ile ile, hata kama unauma. Lakini usichoke kufua."

Asubuhi iliyofuata kaka alifunga mlango, akapiga hatua tatu, akasimama.

"Umefunga, kaka," Kitinda alisema. "Nimekuona kwa macho yangu."

Kaka alifikiri kidogo. Kisha akarudi kuutikisa, mara moja tu, na Kitinda akamsubiri.