Kazungu Ametutoka

Kila jioni, akishaosha vyombo, Winnie humsomea baba yake barua. Mzee Kazungu hakufika mbali darasani. Mwaka ule wa 1997 kiwanda cha Nairobi kilimpunguza kazini, akarudi Mombasa na binti yake, wakapanga chumba Kibokoni.

Jioni moja Winnie alifungua bahasha ya ofisi ya kodi, akaigeuza barua mara mbili.

"Soma, mama."

"'Kwa msimamizi wa mali ya marehemu Kazungu…'"

Kichochoroni mtu alipita akiburura miguu. Mzee Kazungu akajishika shingo, akitafuta mshipa unaopiga. Mwaka uliopita neno hilo, marehemu, lilikuja na jina la mkewe.

"Walinitoa kazini, sasa wameniua," akasema. "Wakubwa hawa hawana haya!"

Asubuhi walikwenda ofisi ya kodi. Karani Oloo alisoma faili bila kuinua macho.

"Huyu alifariki Machi. Nusu ya malipo yake ya kupunguzwa kazi imezuiwa."

"Bwana, huyo ni mimi."

"Faili inasema amefariki." Oloo akamgeukia Winnie, kana kwamba kiti cha pili hakina mtu. "Wewe ndiwe yatima wake?"

Winnie alimshika baba mkono. Ulikuwa wa baridi. Bila pesa zile, karo haipo. Hapo Oloo akafunua karatasi yenye mwandiko ambao Winnie aliujua: "Kazungu ametutoka. Msimwandikie tena."

"Ni mimi niliyeandika!" Winnie akalia. "Barua za Nairobi zilizidi kudai fomu ya kodi ya malipo yale, nawe baba hulali kwa wasiwasi. Nikasema moyoni si uongo, kwani kweli umetoka kule Nairobi."

"Ametutoka!" Oloo akashika kichwa. "Binti, hilo husemwa matangani. Shikamoo, mzee. Karibu tena duniani."

Akatoa fomu mpya. Winnie akaandika jina la baba herufi kwa herufi, kazi ya Nairobi, makao ya Mombasa, na malipo yote bila kuficha. Mzee akatia kidole gumba, akalitazama jina mpaka wino ukakauka. Oloo akagonga muhuri: kodi ingekatwa, nusu iliyozuiwa ingeachiliwa.

Nje, mzee akasimama.

"Wakubwa nitawalaumu mpaka nife kweli. Lakini hili limetoka chumbani kwetu. Ukijua msomaji ataelewa vingine, nawe ukaandika vivyo hivyo, umesema uongo, hata kama kila neno ni kweli. Umesikia?"

"Nimesikia, baba."