Nilimkana Aliyenifundisha Cherehani

Nina miaka sitini na mbili, mwalimu mstaafu, naishi Bonga hapa Babati. Wasomaji wenzangu, msinionee huruma. Haya niliyafanya kwa mdomo wangu mwenyewe.

Nilifundisha shule ya msingi maisha yangu yote kwa sababu baba yangu aliamua hivyo. Nilipostaafu nikajikuta sina la kufanya. Asubuhi naoga, navaa shati la pasi, halafu nakaa sebuleni! Mke wangu akifagia ananiambia nisogeze miguu.

Siku moja nilipeleka suruali kupunguzwa kwa fundi mmoja karibu na soko. Kumbe fundi mwenyewe ni Paskalina, niliyemfundisha darasa la saba kule Sigino! Zamani alikuwa anachora magauni nyuma ya daftari la hesabu. Nilimsimamisha mbele ya wenzake nikamwambia ataishia kushona viraka, na darasa zima likacheka. Hakunikumbusha hayo. Aliniamkia, akanipa kiti.

Nikabaki kumwangalia akikata kitambaa... hata chakula cha mchana nikasahau. Kesho yake nilirudi bila suruali yoyote. Wiki iliyofuata nikameza mate, nikamwomba anifundishe. Alicheka mpaka akaweka mkasi chini.

“Mwalimu, mimi ni mkali,” alisema. “Ukikosea unafumua mwenyewe.”

Nilifumua miezi minne! Akawa ananiita “mwanafunzi wangu”, nami namwita “Madam”. Jamani, sijawahi kuipenda kazi namna ile. Nilikuwa naamka kabla ya jogoo, nawaza pindo na vifungo.

Lakini nilificha. Mke wangu nilimwambia nakwenda kucheza drafti. Mwalimu mzima nifundishwe na binti niliyemchapa viboko? Watu wa Babati wangesemaje?

Nikashona koti langu la kwanza. Paskalina akalitundika mlangoni ili wateja walione. Siku hizo alikuwa akisubiri kazi moja kubwa, sare za kwaya ya kanisani kwetu. Aliniambia tukiipata tutaishona wote wawili, na cherehani chake cha pili, nilichokuwa najifunzia, kitakuwa changu moja kwa moja. Nilitembea hadi nyumbani nikitabasamu peke yangu.

Mwenyekiti wa kwaya alikuwa Mwalimu Bura, niliyefundisha naye miaka mingi. Akaingia asubuhi moja na mfuko wa vitambaa. Akanikuta nimevaa futi ya kupimia shingoni.

“Mwalimu! Umekuwa fundi uzeeni?” akauliza huku anacheka.

Nikaivua ile futi haraka. Nikasema nimefuata koti langu, huyu binti ananizungusha tu. Laiti ningeishia hapo! Aibu ikanisukuma mbele. Nikalishusha koti nikamwonyesha. “Ona mkono ulivyokaa upande! Mafundi wa siku hizi hovyo kabisa.”

Mkono ule niliushona mimi...

Paskalina alinitazama. Neno lake moja lingetosha kuniumbua. Badala yake akainamisha kichwa. “Samahani, Mwalimu. Nitarekebisha.”

Mwalimu Bura akarudisha vitambaa mfukoni, akasema atafikiria. Sare zikaenda kushonwa Arusha.

Alipoondoka, nilitaka Paskalina anitukane. Hakunitukana. Alilikunja koti taratibu, akanikabidhi.

“Mwalimu, ile siku darasani nilikuwa na miaka kumi na mitatu,” alisema. “Leo nina watoto watatu, na bado unanisimamisha mbele za watu.”

Nilitoka nimeshika koti kama mwizi.

Sikulala vizuri wiki mbili. Mwishowe nilikwenda kwenye mazoezi ya kwaya nimelivaa lile koti, nikasimama mbele yao nikasema ukweli wote. Wengine walicheka. Mke wangu, ambaye ni mwanakwaya, aliniuliza palepale ni drafti gani inayoacha nyuzi kwenye soksi. Kumbe hakuna aliyeshangaa sana! Kile nilichokiogopa kiliisha kwa dakika tano... lakini kazi ya Paskalina ilikuwa imeshakwenda.

Nilimfuata nikamwomba radhi. Alinisamehe, akanishukuru kwa kusema ukweli. Ila juu ya kile kiti changu alikuwa amepanga vitambaa, wala hakuviondoa.

Sasa nina cherehani barazani kwangu, na wateja wapo. Ndugu msomaji, kama una miaka hamsini au sabini na moyo umeipenda kazi, nenda kajifunze! Lakini nakusihi, usiione aibu kazi hiyo, na usimkane anayekufundisha, hata kama jana alikuwa mtoto mbele yako. Mimi niliona aibu dakika moja, na ninailipia hadi leo.

Nikikutana na Paskalina sokoni ananisalimia kwa heshima zote. “Shikamoo, Mwalimu.” Naitikia marahaba. Anapita, nami nabaki nimesimama, nikisubiri aniite mwanafunzi wake.